Kombe la Meja Marindin
*Simulizi ya kweli ya mwanasoka na mwanajeshi*

SEHEMU YA KWANZA: MTULINGA

Mchezo ulikuwa na dakika kumi tu Luteni Edmund Creswell alipoanguka. Alipoinuka, mtulinga wake ulikuwa umevunjika.

Nahodha wake, Kapteni Francis Arthur Marindin, beki mwenye umri wa miaka 33, alikuwa na dakika themanini za fainali mbele yake, na sheria za siku zile hazikujua mchezaji wa akiba. Anayetoka katoka. Timu inabaki na watu kumi mpaka jioni.

Ilikuwa Jumamosi, Machi 16, 1872, Kennington Oval, kusini mwa London. Uwanja wenyewe ni wa kriketi, soka iliazimwa tu. Watu wapatao 2,000 walikuwa wamelipa shilingi moja mlangoni, na shilingi ya enzi hizo ilikuwa pesa. Wengi waliona bora wabaki nayo mfukoni. Waliokuja walikuja kutazama kitu ambacho bado hakikuwa na jina lolote la kutisha: fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la FA.

Upande mmoja Wanderers, mabwana waliosoma shule za gharama, wakicheza kwa raha zao. Upande wa pili Royal Engineers, yaani maofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, wenye makao yao Chatham. Makapteni wawili na maluteni tisa. Hakuna koplo, hakuna sajini. Hawa ndio watu waliojenga madaraja, ngome na reli za himaya, na Jumamosi wakatoka kucheza mpira. Wapiga ramli wa kamari waliwapa wao ushindi.

Na walikuwa na sababu. Soka ya wakati ule ilikuwa ya mtu na mpira wake: unaupata, unainamisha kichwa, unapiga chenga mpaka ukabwe, na wenzako wanakufuata nyuma kama kundi wakingoja uteleze. Wahandisi walianza kupigiana pasi. Leo mtoto wa chandimu anajua kwamba mpira unakimbia kuliko mtu, lakini mwaka 1872 jambo hilo lilikuwa karibu na uchawi, na maofisa hawa wamo katika wachache wa kwanza wanaotajwa kulifanya kwa mpango.

Sasa msomaji ajue jambo moja kuhusu kombe lenyewe. Halikushuka kutoka mbinguni. Julai 20, 1871, watu saba walikutana katika ofisi ya gazeti la The Sportsman jijini London. Katibu wa FA, Charles Alcock, alitoa hoja kwamba klabu zote wanachama zishindanie kombe moja. Saba wakakubali. Likanunuliwa kombe dogo la fedha kwa pauni 20, zikajiandikisha timu 15, mambo yakaanza.

Marindin alikuwa mmoja wa wale saba. Alcock pia, bila shaka, na siku hii ya fainali Alcock ndiye nahodha wa Wanderers, amesimama ng'ambo. Wa tatu, Alfred Stair, mweka hazina wa FA, ndiye refa. Wa nne nitamtaja kwa wakati wake.

Refa mwenyewe hakuingia uwanjani. Alikaa pembeni. Ndani walikuwamo waamuzi wawili, na hao nao hawakuamua neno mpaka mchezaji alalamike. Wakishindwa kuelewana ndipo wanamgeukia Stair. Penalti haikuwapo. Nyavu hazikuwapo. Goli lilikuwa nguzo mbili na utepe uliofungwa juu, pale ambapo watangazaji wetu leo wanapaita mtambaa panya.

Creswell akakataa kutoka. Bega limelegea, mkono hauinuki, na yeye kabaki. Akasogezwa pembeni, winga, mahali ambapo angalau angemshughulisha beki mmoja.

Wanderers hawakungoja. Muda mfupi baadaye mpira ukamfikia Walpole Vidal, na Vidal kwa chenga alikuwa balaa. Akapita wa kwanza, akapita wa pili, safu ya wahandisi ikapasuka. Badala ya kupiga mwenyewe akamwachia mwenzake, upande ambao pembe yake ni nyembamba. Orodha ya wachezaji ilimwandika mtu huyo "A. H. Chequer".

Ndani ya London nzima hakuna mchezaji aliyezaliwa na jina hilo. Na Kapteni Marindin, aliyekuwa akimkimbilia ili amzuie, alimfahamu vizuri sana.

*Itaendelea.*

SEHEMU YA PILI: KUMI NA NNE MACHI

Ilipoishia: Mtu mwenye jina la bandia ana mpira miguuni mbele ya goli la wahandisi. Sasa endelea.

Akapiga. Kipa, Kapteni William Merriman, hakuugusa. Bao.

"Chequer" alikuwa Morton Peto Betts, naye ndiye mtu wa nne kati ya wale saba wa ofisi ya gazeti. Jina alilitoa kwenye timu ya Harrow Chequers, iliyopangiwa Wanderers raundi ya kwanza ikajitoa bila kucheza. Betts alikuwa mtu wa Chequers. Akaja fainali na wapinzani wao, akavaa jina la timu iliyojitoa. Leo suala kama hilo lingepelekwa kamati ya nidhamu kabla mpira haujapoa.

Marindin hakukata rufaa. Timu zikabadilishana upande, kwa kuwa sheria ilitaka hivyo kila bao linapoingia, na mchezo ukaendelea. Merriman akaokoa mengi. Creswell akamaliza dakika zote tisini na mfupa wake uliovunjika. Lakini bao lilikuwa moja na lilitosha. Kombe lenyewe halikutolewa pale uwanjani. Wanderers walikabidhiwa karibu mwezi mzima baadaye, Aprili 11, kwenye hafla katika mkahawa wa Pall Mall jijini London.

Huyu Marindin alikuwa nani hasa? Mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa Weymouth, kusini mwa Uingereza, Mei 1, 1838. Akasoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, akapewa kamisheni ya uhandisi wa kivita akiwa bado kijana mdogo, akaonja Vita vya Crimea. Baada ya hapo bahari ikamleta upande wetu: alikwenda Morisi, kisiwa cha miwa katika Bahari ya Hindi, akiwa msaidizi wa Gavana William Stevenson. Akafanya kazi ya gavana, akamwoa binti wa gavana. Aliporudi Uingereza akapelekwa Chatham, na huko ndiko alikoiunda timu ya mpira ya Royal Engineers.

Miezi michache baada ya fainali ile alipandishwa cheo. Tangu hapo kila mtu wa soka alimwita "Meja" tu, na ilijulikana ni meja yupi.

Timu yake haikuvunjika moyo. Desemba 1873 aliwapandisha treni vijana wake hadi Sheffield, Derby na Nottingham, ziara ya aina ambayo klabu zilikuwa bado hazijazoea. Watu wa kaskazini wakaona pasi kwa macho yao. Machi 14, 1874, wahandisi wakarudi Oval, fainali ya pili, dhidi ya Chuo Kikuu cha Oxford. Marindin alikuwamo tena. Oxford wakafunga mawili ya mapema na mlango ukafungwa hapo. Mbili bila. Fainali mbili, kombe hakuna.

Siku hiyohiyo, Machi 14, huko Roorkee, kaskazini mwa India, mhandisi mwingine alikuwa anakata roho.

Luteni Alfred Goodwyn alikuwa katika wale kumi na mmoja wa 1872. Machi 1873 aliichezea England dhidi ya Scotland, mechi ambayo mwenzake wa kambi moja, Luteni Henry Renny-Tailyour, alikuwa upande wa Scotland na akafunga. Halafu jeshi likampangia India. Alianguka kutoka juu ya farasi. Siku moja kabla ya kifo chake alikuwa ametimiza miaka 24. Ndiye mchezaji wa kwanza wa timu ya taifa ya England kufariki, na alifariki siku wenzake walipokuwa wakipigania kombe lile lile lililomponyoka yeye.

Ndivyo jeshi lilivyoidhulumu timu hii kila mwaka. Linampa Marindin kijana hodari, linamfundisha kuchimba mahandaki, likimaliza linampakia meli. Klabu za leo zinalia kuuziwa wachezaji Januari. Wachezaji wake yeye walikwenda India na hawakurudi na mkataba.

Mwaka huohuo, 1874, FA ilimchagua Meja kuwa rais wake. Msimu uliofuata timu yake ikapita raundi zote ikaingia fainali kwa mara ya tatu. Kila mtu alijua safari hii wahandisi wako tayari.

Ila mpinzani aliyetokea upande wa pili alikuwa Old Etonians. Wanafunzi wa zamani wa Eton. Shule ya Marindin mwenyewe. Alikuwa na haki ya kuvaa jezi yoyote kati ya hizo mbili.

Akavaa ipi?

*Itaendelea.*

SEHEMU YA TATU: PICHA

Ilipoishia: Fainali ya 1875. Timu aliyoiunda Meja inacheza na shule iliyomlea. Sasa endelea.

Hakuvaa hata moja.

Jina la Marindin halimo katika orodha ya timu yoyote siku hiyo, na miaka yote tangu wakati huo husimuliwa kwamba alikataa kuchagua. Mimi nakubaliana na wasimulizi. Mtu aliyekuwa rais wa chama, nahodha wa timu moja na mtoto wa timu nyingine, alikaa nje ya ile fainali aliyokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishinda.

Kwa sababu wahandisi walishinda. Machi 13 walitoka sare, 1–1. Machi 16 wakarudiana, wakawafunga Etonians mawili bila, Renny-Tailyour akiwa mmoja wa nyota. Nahodha wa ushindi huo akawa Merriman, kipa yule aliyepigwa bao na "Chequer". Ndilo Kombe la FA pekee ambalo timu ya jeshi imewahi kulichukua, na mtu aliyeijenga hakuwamo.

Marindin hakulibeba kombe lile kama mchezaji maisha yake yote. Akabaki kulilinda. Alikuwa refa wa fainali ya 1880, kisha kuanzia 1884 hadi 1890 hakuna fainali iliyochezwa bila yeye kuwa refa. Rais wa chama, na yeye ndiye mwamuzi. Hebu fikiria leo rais wa shirikisho lolote la hapa kwetu atangaze kwamba fainali ataichezesha mwenyewe. Mji ungewaka. Lakini kwa Marindin watu hawakuguna, na hilo peke yake linaeleza alikuwa mtu wa namna gani.

Wakati huo soka ilikuwa imemtoka mikononi. Viwanda vya kaskazini, Lancashire hasa, vilikuwa vimeupokea mchezo wa mabwana na kuugeuza kazi. Mfumaji hawezi kuacha mashine Jumamosi bila kulipwa, na klabu inayotaka kushinda inamlipa. Ikilipa wa kwao, italipa na Mscotland anayejua kupiga pasi. Sheria ya FA ilisema ridhaa tu. Klabu zikalipa gizani, kwa kazi za uongo viwandani na bahasha baada ya mechi.

Januari 1884 Preston North End ilicheza mechi ya Kombe la FA na Upton Park ya London, na Upton Park ikapeleka malalamiko: hawa wanalipana. Klabu zilizoshtakiwa hivyo zilizoea kukana. Meneja wa Preston, William Sudell, hakukana. Alisema ndiyo, tunawalipa, na wengine wote wanalipa. Preston wakatolewa mashindanoni. Klabu za kaskazini zikatishia kujitoa na kuunda chama chao, na kwa miezi kadhaa mpira wa Uingereza ulikaribia kugawanyika vipande viwili.

Julai 20, 1885, FA iliyoongozwa na Meja ikaruhusu wachezaji wa kulipwa. Julai 20. Miaka kumi na minne kamili tangu wale saba wakae kwenye ofisi ya gazeti. Alcock alikuwa ameupigania uamuzi huo. Marindin alikuwa mtu wa ridhaa hadi mifupani, lakini sheria ilipopita aliisimamia.

Basi Preston wakarudi wakiwa halali, na wakarudi kwa hasira. Oktoba 1887 waliifunga Hyde mabao 26 kwa bila katika Kombe la FA, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Machi 24, 1888, wakafika fainali, Oval ileile. Mpinzani ni West Bromwich Albion, timu iliyojaa Waingereza watupu, wengi wao vijana wa mtaani kwao. Hakuna aliyewapa nafasi.

Kabla ya mchezo wachezaji wa Preston walikwenda kwa refa na ombi. Walitaka kupiga picha na kombe. Sasa hivi, kabla mpira haujaanza, maana jezi zao bado nyeupe na safi. Baada ya dakika tisini zingekuwa zimejaa tope na picha isingependeza.

Meja akawatazama. Mtu huyu alikuwa na miaka karibu 50 sasa, ndevu za kijeshi, fainali mbili alizopoteza na moja aliyoikosa. Akawajibu kwa swali: kwani si afadhali walichukue kwanza?

Mpira ukaanza. Bayliss akaifungia West Bromwich. Fred Dewhurst akasawazisha. Preston wakashambulia bila kupumzika, na kombe liko mezani, na mpiga picha yuko pembeni. Zikiwa zimebaki dakika kumi na tatu, matokeo 1–1, mpira ukamwangukia George Woodhall wa West Bromwich.

*Itaendelea.*

SEHEMU YA NNE: KIBANDA CHA MANOR HOUSE

Ilipoishia: Woodhall ana mpira, dakika ya 77. Sasa endelea.

Woodhall akafunga. West Bromwich 2, Preston 1. Jezi zikachafuka na picha haikupigwa.

Mwaka uliofuata Preston walirudi wakalichukua, refa akiwa yuleyule Meja. Mwaka 1890 akaacha urais wa FA, akampisha Lord Kinnaird, na mpira ukaendelea kuwa biashara bila yeye.

Lakini Marindin hakuwa akila mpira. Mshahara wake ulitoka mahali pengine, na nimechelewa kuutaja kwa makusudi. Serikali ilimfanya mkaguzi wa reli. Reli mpya haikufunguliwa kwa abiria mpaka mkaguzi aitembee na kuikubali, na treni zilipogongana alitumwa yeye au mmoja wa wenzake wachache, wote wahandisi wa jeshi, kuuliza nani alikosea. Septemba 1887, miezi sita kabla ya ile picha ya Preston, treni ziligongana Hexthorpe karibu na Doncaster, wakafa watu 25. Aliyekwenda kusikiliza mashahidi ni Meja. Ujumbe wake kwa makampuni ya reli kuhusu breki ulikuwa mkali.

Kazi ya refa, kwa maneno mengine, ila huku waliolala chini hawakuinuka.

Oktoba 31, 1892 ikapita, Novemba ikaingia. Kwenye njia kuu ya reli kati ya London na Scotland, karibu na mji wa Thirsk, palikuwa na kibanda cha kuongozea ishara kinachoitwa Manor House. Aliyekuwa na zamu ya usiku ni James Holmes.

Holmes alikuwa na binti mchanga, Rose. Mtoto aliugua, na mchana ule Holmes alizunguka kwa miguu kumtafuta daktari. Daktari hakupatikana. Aliporudi nyumbani Rose alikuwa amefariki. Mke amepotewa na akili kwa uchungu, maiti ya mtoto imo ndani, na baba tangu aamke hajalaza kichwa.

Holmes akaenda kwa stesheni masta wa Otterington akamweleza. Akasema hataweza kufanya kazi usiku huo. Stesheni masta akaomba mtu wa kumshikia zamu. Jibu likaja: mtu hakuna. Holmes akapanda ngazi za kibanda chake, akaketi kati ya nyenzo na kengele, na nje ukungu ukashuka.

Treni ya abiria kutoka Scotland ilikuwa nzito usiku huo, ikagawanywa mara mbili. Ya kwanza ikapita salama. Nyuma yake ikapenyezwa treni ya mizigo, ikasimama karibu na kibanda cha Holmes ikingoja ruhusa. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka, kengele ya kibanda cha jirani ilikuwa ikimwuliza swali moja: njia iko wazi kwa treni ya pili ya abiria?

Ile ya mizigo imesimama palepale gizani, na yeye ameisahau.

Holmes akajibu ndiyo.

Watu kumi walikufa. Holmes akafunguliwa shtaka la kuua bila kukusudia. Kabla mahakama haijakaa, serikali ilimtuma mtu wa kuchunguza na kuandika ripoti: njia ilifungwa na nani, nani alilala, nani alikataa kuleta mtu wa zamu. Mtu huyo aliteremka kwenye treni Thirsk, mkongwe wa utumishi, mzee wa fainali, akaitisha mashahidi, na mmoja wa walioitwa mbele yake alikuwa James Holmes.

Meja Marindin akafungua daftari. Sheria ya reli, kama ile ya mpira, ilikuwa wazi kabisa juu ya nani mwenye kosa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*